Marehemu Huunguruma Saa Kumi na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Koplo amepiga goti moja kwenye lami, kipima sauti mkononi, nusu mita kutoka kwenye mdomo wa eksozi aliyoichomelea marehemu mume wake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, yuko juu ya pikipiki, anavuta mafuta kama alivyoamriwa. Inspekta amesimama nyuma na ubao wa fomu. Tarakimu zinapanda, nanyi mkabaki mmeshika gazeti.

Haya. Zilipanda mpaka mia moja na tatu.

Sheria inakomea tisini na tano.

Koplo aliitaja namba hiyo kwa sauti ile ile anayotajia namba zote. Najua wapo mnaosubiri niwaambie kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Miezi minane tangu mume wake azikwe, mkono wa mwanamke huyu haujatetemeka kwa jambo lolote. Msibani watu walikaa mkao wa kumdaka akianguka, yeye akapita katikati yao kuulizia kama maji ya kunywa yanatosha. Kesho yake akapiga pasi sare.

Pikipiki hupimwa mara tatu. Akapima. Mia moja na mbili. Mia moja na tatu tena.

Kwenye foleni watu walikuwa bado wanacheka ya muuza mayai, aliyetangulia kupimwa. Huyo asubuhi alikuwa ameijaza eksozi yake vinyuzi vya chuma vya kusugulia masufuria, ili vimeze kelele. Alipovuta mafuta, vinyuzi vikachomoka vyekundu kama makaa na kutua juu ya kiatu cha Inspekta, kiatu ambacho kilikuwa kimetoka kung'arishwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Koplo peke yake aliinama, akavipangusa kwa fomu, akaandika kiwango.

Inspekta si mtu mbaya. Alisogea, akamwambia kwa chini kwamba anaweza kwenda kupumzika kivulini, hii fomu ataijaza mwingine. Koplo akasema hajachoka.

Akaanza kujaza. Aina ya chombo. Rangi. Kiwango kilichopimwa. Alipofika kwenye jina la mmiliki, kalamu ikasimama.

"Andika la kaka, Shem," Shemeji akasema.

"Kaka yako hawezi kuitwa kituoni."

Hapo ndipo Shemeji alipokumbuka kwamba mirathi ilishapita na kadi ya pikipiki ilishabadilishwa. Koplo aliandika jina lake kwenye mstari wa mmiliki. Akashuka mpaka chini, kwenye mstari wa askari aliyekamata, akaandika jina lake tena. Karatasi moja, mkamataji na mkamatwaji mtu mmoja. Kisha akachana nakala ya mwenye chombo, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wake mwenyewe.

Eksozi ikafunguliwa pale pale kwa spana. Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa saa nne asubuhi, eksozi zote zilizokamatwa zingelazwa kwenye uwanja wa kituo, na mashine ya kushindilia barabara ingepita juu yake, watu wakitazama. Anayetaka kuiokoa ya kwake, aje aitengeneze na kuipimisha upya kabla ya saa hiyo.

Shemeji aliitazama ile pikipiki iliyokatwa ulimi. Akasema maneno mawili tu.

"Na Mama?"

Koplo alikuwa ameshaita anayefuata.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, Mama ni mama mkwe wa Koplo, mzazi wa marehemu na wa huyu Shemeji. Wanakaa nyumba moja wote watatu. Kila siku, ikikaribia saa kumi na moja jioni, bibi huyo hutoka na kigoda chake akaketi mlangoni, sahani yake mapajani imefunikwa. Hagusi chakula. Husubiri pikipiki ile ifike kwenye kona, ikohoe mara mbili kama mzee anayesafisha koo, halafu iungurume mpaka mlangoni. Marehemu aliitengeneza hivyo kusudi, alisema mwanamume hafiki kwake kimya kimya kama mdeni. Ikishakohoa, Mama husema, "Mwanangu huyo," akafunua sahani. Anayeshuka ni mdogo, si mkubwa, lakini Mama hageuki kutazama. Majirani wanasema akili yake iliingia kaburini pamoja na mtoto. Nyumbani hakuna aliyembishia. Mtu anakula, umbishie nini?

Jumatatu hiyo Shemeji alirudi na eksozi ya kuazima, ya kiwandani, inayolia kama cherehani. Mama alibaki na sahani mapajani. Walimbembeleza kuingia ndani, akaingia na sahani yake, haijafunuliwa. Akaketi kwenye kiti, akatega kitendawili chake cha kila jioni, maana hilo hakuwa ameliacha hata siku ya arobaini.

"Kitendawili."

"Tega," Shemeji akajibu, macho sakafuni.

"Anaingia ndani kabla hajafika mlangoni."

Shemeji alilijua jibu. Wewe pia unalijua. Koplo alikuwa anafungua vifungo vya sare, akasema ni harufu ya chakula. Mama akatikisa kichwa. Koplo akamwambia basi achukue mji.

"Mji siutaki," Mama akasema. "Nataka aingie."

Jumanne alikunywa nusu kikombe cha chai. Jumatano asubuhi alikuja muuguzi anayekaa mtaa wa pili. Aliibana ngozi ya mkono wa Mama kwa vidole viwili, akaiachia, ikabaki imesimama. Akamvuta Koplo kando, akamweleza bila kuzunguka kwamba asipokula mpaka Ijumaa lazima apelekwe akatundikiwe maji, na kwa umri ule wengi huingia wodini kwa miguu yao wakatoka kwa machela. Koplo alimshukuru. Alimsindikiza mpaka nje, akarudi, akaosha kikombe.

Alijua anapaswa kuogopa. Aliitafuta hofu kama mtu anavyotafuta funguo, akapapasa mfuko huu na ule. Hamna kitu.

Saa sita mchana alikuwa stoo ya kituo, anafunga vibandiko vya namba kwenye eksozi zinazosubiri Ijumaa. Zilikuwa zimepangwa sakafuni, safu kwa safu. Sajenti wa stoo, ambaye wenzake wanamwita Kufuli, alikuwa na mzaha kwamba hii ndiyo wodi pekee nchini ambayo wagonjwa wote hawalalamiki. Alikuwa na mzaha mwingine kuhusu muuza mayai. Koplo aliitikia "ndiyo Afande" kwa yote mawili.

Kisha akaishika ya kwake.

Alijua mishono ya kuchomelea ya mume wake hata akifumba macho, ilikuwa myembamba na imelala upande mmoja kama mwandiko. Aliizungusha kutafuta pa kufungia kibandiko. Kidole gumba kikaingia kwenye tundu.

Tundu dogo, chini ya mdomo wa eksozi. Lina meno ya bolti.

Koplo amekagua eksozi mpaka anaziota. Anajua tundu kama hilo ni la nini. Mafundi huchonga kizibo, bomba dogo lenye matundu matundu, wakakisukumia ndani na kukikaza kwa bolti moja. Kikiwemo, pikipiki inanong'ona. Kikitolewa, inaunguruma. Alipangusa masizi kwa ncha ya kidole, akaona ukutani mwa bomba mikwaruzo iliyochimba chuma, kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, kama kizingiti cha mlango wa duka.

Kwa hiyo kizibo kilikuwepo. Na kilitumika sana.

Sasa nyinyi mnaosoma, lishikeni hili pembeni. Ukaguzi wa kelele ulianza miezi mitatu tu iliyopita, na marehemu ana miezi minane ardhini. Huyu mtu alikuwa ananyamazisha pikipiki yake wakati hakuna askari hata mmoja aliyekuwa anapima. Kwa nini? Koplo hakujiuliza. Kichwa chake kilikuwa kimeshafika nyumbani, jikoni, kwenye dirisha la juu ya beseni.

Pale dirishani kuna bomba la chuma, refu kama kiganja na vidole vyake, limetobolewa matundu mwili mzima, na chini lina pete yenye tundu la bolti. Limejaa vijiko. Koplo amelisugua kila Jumamosi kwa miezi minane, na hata aliwahi kulisifu, kwamba vijiko vinakauka haraka humo.

Alipofika nyumbani alimimina vijiko kwenye sufuria, akaliinua kwenye mwanga. Shemeji aliingia akiwa anafuta mikono. Alipoona alichoshika, mikono ikaacha kufutana.

Akasema hicho ni cha vijiko tu.

Koplo akamweleza kwamba ni kizibo, kwamba kesho wanakwenda kupima upya, kwamba eksozi itaokoka. Shemeji akasema kitu cha zamani hicho, kimeshika kutu, kitakwama. Akasema bora wanunue nyingine. Akasema Mama atazoea. Mtu aliyeuliza "Na Mama?" Jumatatu barabarani, Jumatano anasema Mama atazoea. Koplo alimwambia awe tayari saa mbili asubuhi na spana namba kumi na mbili, na yeye akaitika, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumkatalia Koplo akitumia sauti ile.

Chumba cha pili, Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakutega kitendawili jioni hiyo.

Alhamisi asubuhi Koplo alisimama kwenye foleni ya waliokamatwa, hana kofia, sare ameiacha nyumbani. Muuza mayai alikuwa nyuma yake. Akamsogelea, akasema kwa heshima zote kwamba leo Afande ameonja uji alioupika mwenyewe, na kama ana vinyuzi vya masufuria asivifiche, avitupe mapema. Foleni ikacheka. Koplo akamjibu kwamba yeye ameleta chombo cha vijiko. Muuza mayai alidhani ni mzaha akacheka zaidi.

Inspekta alipima mwenyewe. Kizibo kiliingia bila kukwama, bolti ikakaza kana kwamba imefunguliwa jana. Shemeji akavuta mafuta.

Themanini na moja. Themanini. Themanini na moja.

Inspekta aliitazama namba, akaitazama eksozi, akasema kwamba aliyetengeneza kitu hiki alikuwa fundi. Koplo akasema ndiyo. Hapo Inspekta akamkumbusha kipengele kimoja, ingawa alijua hakuna haja ya kumkumbusha aliyekariri sheria yote. Kizibo kinachofunguliwa hakikubaliki. Lazima kichomelewe moja kwa moja, ama sivyo eksozi irudi stoo.

Kikichomelewa, mkohoo wa mara mbili umekwisha. Ule muungurumo wa kwenye kona hautasikika tena duniani.

Shemeji akasema tusichomelee, Shem, tuiache tu isagwe. Alisema haraka mno.

"Chomelea," Koplo akamwambia fundi wa kituo.

Cheche zikaruka kidogo, nukta moja tu, zikazima. Koplo akasaini.

Njiani alifanya hesabu yake bila kupepesa macho. Sauti ya kwanza imekufa. Iliyobaki ni ya pili, hafifu, ya tumboni. Lakini imetoka kwenye chuma kile kile cha mikono ile ile. Huenda Mama akaitambua. Asipoitambua, kesho asubuhi ni hospitali. Hapakuwa na tatu.

Alimwambia Shemeji akae kazini mpaka saa yake ya kawaida, arudi kwa njia yake ya kawaida. Yeye akarudi nyumbani, akapika, akampakulia Mama, akamshika mkono mpaka kwenye kigoda. Mkono ule ulikuwa mwepesi kama pochi tupu. Akamwekea sahani mapajani na kijiko juu yake. Kisha akasimama nyuma, bega ameliegemeza mlangoni, buti miguuni.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili.

Kwenye kona hapakuwa na mkohoo. Palikuwa na mlio wa chini, laini, kama mtu anayezungumzia ndani ya mtungi. Ukazidi kuja, ukapita ua wa jirani, ukafika.

Mama akainua kichwa.

Koplo aliona shingo ile ikinyooka, akajua sauti imetambulika. Shemeji akashuka, akasimama mbele ya mlango, anajaribu kutabasamu. Mama aliishika sahani kwa mikono miwili. Akaiinua. Akaiweka chini sakafuni, haijafunuliwa.

"Nani amewaonyesha kizibo?" akauliza.

Sauti yake haikuwa ya mtu aliyepotewa na akili. Ilikuwa sauti ya mama mwenye nyumba.

Koplo akamuuliza kama anakijua.

"Vijiko nilivitia mimi, mwanangu. Wiki ile ile ya msiba, kilipofunguliwa kwenye pikipiki. Nilitaka mtu asije akakichukua kimya kimya, na vijiko vikitolewa vinalia." Akamtazama Shemeji, kisha akamgeukia tena mkwe wake. "Na usinitazame hivyo. Mwanangu nilimzika, nilimwaga mchanga kwa mkono huu. Sijasahau hata kidogo."

Koplo akauliza, basi kila jioni, kusubiri kwake kote huko kulikuwa kwa nini.

"Ikikohoa pale kwenye kona ndipo wewe unavua buti. Ndipo unakaa chini. Saa nyingine zote unakula umesimama kama uko zamu. Nikaona, basi nisubiri. Nikisubiri mimi, nawe utakaa." Mama akavuta pumzi. "Jumatatu hukuvua. Jumanne hukuvua. Sasa nile na nani?"

Koplo alitazama buti zake.

Aliketi. Pale pale kizingitini, kwenye saruji, mbele ya kigoda. Akaanza kulegeza kamba za buti, kwa sababu ndicho kitu pekee alichojua kufanya. Angeweza kuishia hapo, msomaji wangu, na wote tungelala salama. Lakini alikuwa askari, na askari akishaanza kuuliza humaliza fomu.

Akauliza, kama Mama anaijua ile sauti ya kukohoa, na hii ya leo je? Hii aliijuaje?

Shemeji akasema Mama ale kwanza, chakula kinapoa.

"Hii ni ya Alhamisi," Mama akasema.

Ilikuwa Alhamisi.

Akaeleza taratibu, kwa kuwa hakuwa na nguvu. Wakati ule Alhamisi ndiyo ilikuwa zamu ya jioni ya Koplo. Kila Alhamisi kizibo kilikuwa hakipo kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na kila Alhamisi saa kama hii pikipiki ilipita kichochoro cha nyuma, kwa sauti hii hii, mtu mwingine asingeinua hata kichwa. Haikusimama hapa. Ilipita ikaendelea. Hata Alhamisi ile ya mwisho ilipita hivyo, ikaenda, na waliorudi ni watu wengine na habari.

Koplo alikuwa ameshika kijiko cha Mama. Hakukumbuka alikiokota lini.

"Ilikuwa inasimama wapi, Mama?"

"Mimi ni wa kukaa mlangoni, nasikia tu. Muulize aliyekuwa anamfungulia geti huko." Na macho ya Mama yakapita juu ya bega la Koplo, yakaenda kutua mahali aliposimama mtoto wake mdogo.

Kitu kikaanza kulia. Kilio chembamba cha haraka, chuma juu ya bati. Koplo alitafuta kinatoka wapi. Kilikuwa kijiko, kinagonga ukingo wa sahani, kinagonga, kinagonga, na yeye ndiye aliyekishika.

Miezi minane. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Mama aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Kisha akainama, akavuta sahani, akaifunua, akakichukua kijiko kutoka kwenye vidole vya mkwe wake, akaanza kula. Alikula polepole, kama mtu ambaye alichokuwa anakisubiri kimeingia ndani.

Koplo akageuka kumuuliza Shemeji.

Mbele ya mlango hapakuwa na mtu. Pikipiki haikuwepo. Hakuna aliyeisikia ikiondoka.